Fundi hakuniuliza nywila

Mwezi wa tatu kompyuta yangu mpakato ilizimika katikati ya kazi na haikuwaka tena. Nilibadilisha chaja, nikaiacha usiku kucha ikiwa imechomekwa kwenye umeme, na asubuhi haikuonyesha hata taa. Nikaifunga kwenye khanga, nikaenda nayo kwa fundi kijana hapa Morogoro ambaye amekuwa akinitengenezea vifaa kwa miaka mingi, na kabla sijakaa kwenye benchi lake nilimweleza lililokuwa likinitia wasiwasi kuliko kompyuta yenyewe: ndani yake mlikuwa na daftari la hesabu za kikoba chetu, mimi ndiye mweka hazina, na kikao cha kugawana faida kilikuwa Jumamosi.

Fundi aliipindua, akafungua mfuniko wa chini, akachomoa diski isiyozidi urefu wa kidole cha kati, iliyokuwa imeshikiliwa na skrubu moja tu. Aliiingiza kwenye kasha dogo la chuma lenye waya, akauchomeka waya huo kwenye kompyuta yake ya mezani. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kinywa nimtajie nywila yangu, ile niliyokuwa nikiiandika kila asubuhi kwa miaka minne na kuamini kwamba ndiyo kufuli la kila kilichomo. Hakuihitaji. Kompyuta yake ilimwambia kwamba hana ruhusa ya kufungua folda yenye jina langu, na hapo hapo, chini ya maneno hayo, ikamwekea kitufe cha kuendelea. Akakibofya. Haikupita dakika moja, folda zangu zote zikawa zimejipanga kwenye skrini yake: Kikoba, Vyeti vya Watoto, Majibu ya Mama Hospitali. "Dada, ni haya unayoyataka?" aliniuliza kwa adabu, akageuza uso upande wa mlangoni ili nichague mwenyewe.

Nilinakili daftari kwenye flashi, nikamlipa, nikamshukuru. Kijana yule ni mwaminifu na sina neno juu yake. Kilichoninyima usingizi ni kwamba uaminifu wake ndio uliokuwa ulinzi pekee, kwa sababu alichokifanya kingefanywa kwa urahisi ule ule na mtu aliyeichomoa kompyuta hiyo kwenye begi langu stendi.

Ndani ya daftari la kikoba kuna watu 28. Kila mmoja ana jina lake kamili, namba yake ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, namba ya simu, mkopo anaodaiwa, tarehe ya kurejesha na majina ya wadhamini wake wawili. Sote tunaufahamu ujumbe wa matapeli unaomtaka mtu atume "ile hela" kwenye namba nyingine. Wengi wetu hatunasi, kwa kuwa mtumaji anabahatisha tu na hamjui anayemwandikia. Sasa fikiria ujumbe huo unamfikia mama anayeuza mboga sokoni, unamtaja kwa jina, unataja deni lake hadi shilingi ya mwisho, na unasema mdhamini wake fulani ameshaarifiwa. Tapeli anayeandika namna hiyo ni yule aliyelipata daftari langu. Wenzangu walinipa taarifa hizo kwa sababu wananiamini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, nisingeweza kukaa nao kwenye mkeka Jumamosi ile nikiwa najua nilichokiona kwa fundi.

Ni vyema nieleze kwa nini nywila ile haikunisaidia, kwa kuwa kila niliyemsimulia alishangaa kama nilivyoshangaa mimi. Nywila tunayoiandika wakati wa kuwasha Windows ni swali linaloulizwa na Windows yenyewe. Ni kama mlinzi wa getini anayekutaka useme unakwenda kwa nani: kazi yake inafanyika pale tu anapokuwepo getini. Diski ikichomolewa na kusomwa na kompyuta nyingine, au mtu akiwasha kompyuta yako kwa kutumia mfumo mwingine alioubeba kwenye flashi, Windows yako haijaamka na hakuna wa kuuliza swali. Mafaili yamo kwenye diski yakiwa wazi kabisa, kama daftari lililoachwa mezani ndani ya nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Zile ruhusa za folda ni maelekezo tu kwa mfumo, na mfumo wa mtu mwingine unaweza kuyapuuza mwenye kompyuta hiyo akitaka.

Kinachohitajika ni maandishi yenyewe yageuzwe yasiweze kusomeka bila ufunguo, na hicho ndicho kinachoitwa usimbaji fiche. Neno hili linaonekana gumu, lakini ndugu yake tunaye sebuleni tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012: ni kisimbuzi, ambacho wengi tulikizoea kwa jina la king'amuzi. Mawimbi ya chaneli ya kulipia yanaifikia nyumba ya aliyelipa na ya ambaye hajalipa, lakini yanafika yakiwa yamesimbwa, na mwenye ufunguo ndani ya kisimbuzi chake ndiye anayepata picha. Faili lililosimbwa ni vivyo hivyo. Mwizi anaweza kulibeba, kulinakili na kulituma kokote anakotaka, na bado mkononi mwake litakuwa ni vurugu tupu ya herufi na namba.

Njia ya kusimba inayotumiwa na karibu programu zote nitakazozitaja inaitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikachaguliwa katika shindano la wazi na kutangazwa kuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwezi Novemba 2001. Kila mtu duniani anaweza kusoma jinsi inavyofanya kazi, na huo ndio uimara wake, kwani tangu mwaka 1883 mtaalamu wa maandishi ya siri, Auguste Kerckhoffs, alishaandika kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, ili mradi ufunguo hajaupata. Iliyoitangulia, DES, ilikuwa na ufunguo wa biti 56, yaani tarakimu 56 ambazo kila moja ni 0 au 1, na mwaka 1998 ilitengenezwa mashine iliyojaribu funguo moja baada ya nyingine ikaufikia uliotakiwa kwa muda usiozidi siku tatu. AES ina funguo za biti 128, 192 au 256, na kila biti moja inayoongezwa inazidisha kazi ya mwizi mara mbili. Kwa hiyo mtu anayetaka mafaili yako hatapoteza muda kuishambulia AES. Ataitafuta nywila yako, au atatafuta nakala uliyosahau kuisimba.

Kompyuta ilipokwisha kutengenezwa, kabla ya kuanza kusimba nilikagua kufuli nilizokuwa nazo, na nyingi hazikuwa kufuli. Folda iliyofichwa inafichuliwa kwa kubofya mara mbili tatu kwenye mipangilio. Daftari langu la Excel lilikuwa na nywila, jambo lililokuwa likinipa faraja kubwa, hadi nilipoelewa kwamba nilichokiwasha ni ulinzi wa laha ya hesabu, unaomzuia mtu asiharibu fomula kwa bahati mbaya. Ulinzi huo hausimbi chochote na huondolewa kwa dakika chache. Excel ina ulinzi mwingine, unaopatikana kwenye menyu ya faili, sehemu ya maelezo, penye kulinda kitabu cha kazi, ambapo unachagua kusimba kwa nywila. Huo tangu toleo la mwaka 2007 unatumia AES na faili halifunguki kabisa bila nywila. Wenye mafaili ya muundo wa kale, yale yanayoishia na herufi xls au doc, wayahifadhi upya katika muundo mpya kwanza, kwa kuwa usimbaji wa zamani ulikuwa dhaifu mno. LibreOffice nayo, ambayo ni ya bure, ina kisanduku cha kuhifadhi kwa nywila pale pale unapohifadhi faili.

Kwa kufunga folda nzima nilitumia 7-Zip, programu ya bure ambayo wengi tayari wanayo. Panahitajika uangalifu mahali pawili. Ukitengeneza faili la zip, programu hiyo inakupa njia mbili za kusimba, na ile ya kale ilishaonyeshwa udhaifu wake na watafiti tangu mwaka 1994, hivyo chagua AES-256. Ukitumia muundo wa 7z, weka alama kwenye kisanduku cha kusimba majina ya mafaili, la sivyo yaliyomo yatafungwa na majina yatabaki yakisomeka. Kwangu jina la folda la Majibu ya Mama Hospitali lilikuwa limeshasema zaidi ya nilivyotaka mgeni ajue.

Hata hivyo nilipomaliza kulifunga folda hilo nilikumbana na jambo ambalo naona ndilo linalowaponza wengi. Faili jipya lililosimbwa lilikuwepo, na la zamani lisilosimbwa lilikuwepo pia. Nilipolifuta la zamani na kumwaga pipa la taka, maandishi yake hayakuondoka kwenye diski. Kompyuta iliifuta anuani tu na kuyaacha mpaka nafasi hiyo itakapohitajika. Kwenye diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, hata programu za kufutilia mbali haziwezi kuthibitisha kwamba zimeandika juu ya mahali pale pale, kwa sababu diski yenyewe huhamisha maandishi ndani kwa ndani ili isichakae upande mmoja. Aidha, ukifungua waraka kutoka ndani ya faili la 7-Zip, nakala ya muda hutengenezwa nje yake ili uweze kuusoma. Ndiyo maana ninashauri tuanze na diski nzima. Diski nzima ikisimbwa, nakala za muda, pipa la taka na mabaki yote vinakuwa ndani ya kufuli, nawe huhitaji kukumbuka kila siku ni faili gani umelifunga na lipi umelisahau.

Kompyuta yangu ni mtumba kutoka Ulaya, ilikuwa ya ofisi, hivyo ilikuja na toleo la Windows la kitaalamu lenye BitLocker ndani yake, programu ya kusimba diski nzima. Toleo la nyumbani halina BitLocker kamili, lakini kompyuta nyingi zenye toleo hilo zina usimbaji wa kifaa, unaopatikana kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Kompyuta za Apple zina FileVault, ambayo tangu mwaka 2011 inasimba diski nzima, na Linux ina LUKS, ambayo ni rahisi kuiwasha wakati wa kusakinisha mfumo kuliko baadaye. Ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo anaweza kutumia VeraCrypt, programu ya bure iliyotoka Ufaransa mwaka 2013 na kupokea kijiti cha TrueCrypt, ambayo waundaji wake waliiacha ghafla mwezi Mei 2014. VeraCrypt inaweza kusimba diski nzima au kukutengenezea kasha, yaani faili moja kubwa ambalo ukilifungua kwa nywila linaonekana kama diski nyingine, na ukilifunga linarudi kuwa faili lisilosomeka.

Niliwasha BitLocker baada ya swala ya adhuhuri, na kazi ikakamilika alasiri huku nikiendelea kuandika barua zangu. Kabla ya kuanza ilinipa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, katika makundi manane ya tarakimu sita sita, na ikakataa kuuhifadhi kwenye diski ile ile iliyokuwa ikifungwa. Niliuandika kwa mkono kwenye karatasi mbili, nikazisoma mara mbili kundi kwa kundi. Ufunguo huu utahitajika siku kompyuta itakapohisi kwamba kitu kimebadilika ndani yake, kwa mfano baada ya matengenezo, na siku hiyo nywila yako ya kila asubuhi haitatosha.

Hapa niwaombe wenye kompyuta mpya wasimame kidogo. Katika matoleo ya Windows 11 yaliyoanza kutoka mwaka 2024, kompyuta inayosanidiwa upya kwa akaunti ya Microsoft huwasha usimbaji wa kifaa yenyewe na kuuweka ufunguo wa dharura kwenye akaunti hiyo. Kwa hiyo diski yako inaweza kuwa imeshafungwa bila wewe kujua, na kama akaunti ile ilifunguliwa dukani na muuzaji kwa barua pepe usiyoikumbuka, ufunguo uko huko. Angalia leo, kabla kompyuta haijaharibika, wala usisubiri kulitafuta jambo hili ukiwa umesimama mbele ya fundi.

Jingine ni kwamba kompyuta nyingi zenye BitLocker hujifungulia diski zenyewe zinapowashwa, kwa ufunguo uliotunzwa kwenye chipu ya usalama, kisha ndipo Windows inakuuliza nywila. Hilo linatosha dhidi ya mtu atakayeichomoa diski, kwa sababu nje ya kompyuta yake haisomeki. Mimi nimeongeza namba ya siri inayoulizwa kabla Windows haijaamka, kwa kuwa ninasafiri na mabasi. Na ninaposafiri ninaizima kabisa badala ya kufunika kioo tu: kompyuta iliyolala bado imeushika ufunguo kwenye kumbukumbu yake, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani walionyesha mwaka 2008 kwamba ufunguo unaweza kuchotwa humo.

Nywila yenyewe nilihangaika nayo kwa siku kadhaa. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa halifai, na methali nayo haifai hata ikiwa ndefu, kwa kuwa kila Mswahili anayeijua anaweza kuiingiza kwenye orodha ya kubahatisha. Nilichofanya ni kufuata wazo alilolitoa Arnold Reinhold mwaka 1995, la kuchagua maneno kwa kurusha kete. Orodha yake ina maneno 7,776 ya Kiingereza, lakini mimi nilikaa na wanangu jioni tatu tukaandika orodha yetu ya maneno 1,296 ya Kiswahili, kila neno na namba yake, na kete ya ludo ikirushwa mara nne inakuonyesha neno moja. Tulichukua maneno saba. Bahasha, mfereji, kunguru, tandu, ubao, mgeni, chokaa: haya siyo ninayoyatumia, ila ndivyo yanavyokuwa, na baada ya siku mbili mtu anayashika kwa kujitungia kisa. Idadi ya mipangilio inayowezekana ni namba yenye tarakimu 22, hata kama mwizi angekuwa na orodha yetu mezani. VeraCrypt inaongeza ugumu kwa kuipitisha nywila kwenye hesabu zaidi ya mara laki moja kabla ya kuikubali. Kwako ni kusubiri kidogo tu, kwa anayebahatisha ni kusubiri huko huko kwa kila jaribio.

Sasa niseme lililonipata mwezi Mei, ingawa kuliandika kunaniuma. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kukaa nami tukarekodi sauti yake akisimulia ukoo wetu, vijiji walivyopita na nani alimzaa nani. Rekodi hizo niliziweka kwenye kasha la VeraCrypt la GB 4. Usiku mmoja nikiwa na usingizi nilibadilisha nywila ya kasha lile, nikafuta nakala zilizokuwa nje, na kesho yake nikasafiri kwenda Dodoma kwa wiki nzima. Niliporudi sikuikumbuka. Najua maneno matano kati ya saba, na mpangilio wake sina uhakika nao. Hakuna ofisi ya kupigia simu wala kitufe cha kurejesha, kwa sababu kitufe hicho kingekuwepo mwizi naye angekitumia. Dada yangu alikuwa na rekodi mbili kwenye simu yake, za dakika 11 na dakika 26. Nyingine zote zimo ndani ya faili ninaloliona kila siku na siwezi kulisikiliza.

Tangu hapo kila kilichosimbwa kina nakala rudufu kwenye diski ya pembeni, nayo imesimbwa, na kila nywila imeandikwa mahali. Niliwahi kuamini kwamba nywila haiandikwi kamwe. Sasa naona kwamba karatasi iliyo ndani ya sanduku la hati ya kiwanja, chumbani, haifikiwi na mtu aliyeniibia begi stendi, na huyo ndiye ninayejikinga naye. Virusi vinavyoingia kompyuta ikiwa wazi ni habari nyingine. Diski iliyosimbwa haivizuii, maana wakati huo imeshafunguliwa.

Jumamosi ile kikao kilikwenda vizuri na faida iligawanywa. Cha mwezi Juni ndicho nilichokitumia kuwaeleza wenzangu haya yote, tangu skrubu ile moja hadi sauti ya baba. Tulikubaliana kwamba daftari halitatumwa tena kwenye kundi la WhatsApp likiwa wazi, na anayelihitaji atalipata limesimbwa na atapewa nywila kwa mdomo. Katibu aliuliza itakuwaje nikiugua au nikifa. Nilikuwa nimekuja na jibu: bahasha mbili zenye nywila ya daftari, moja nikamkabidhi yeye na nyingine mwenyekiti, kila mmoja akatia sahihi yake juu ya gundi mbele ya wanachama wote, na tukaandika kwenye muhtasari kwamba bahasha zitakaguliwa kila tunapogawana faida.